Maji Yaliyokutoa Maskati

Nyumbani kwa Bwana Thabit,
Bawshar, Maskati,
Oman.

Ijumaa, 6 Aprili 2001

Mpendwa kaka Japhet,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa hapo Machame. Natumaini hamjambo, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho huku, ulichokuwa unasema kimeletwa na kiyoyozi cha chumba chako, kimekwisha kwa hewa ya nyumbani. Mama mdogo goti linamruhusu kwenda kanisani? Masika yameanza kunyesha, au bado mnatazama mawingu tu? Obedi nimesikia amepata mtoto wa kiume. Mpe hongera zangu, ingawa majina matatu kwa mtoto wa wiki mbili ni mzigo.

Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naamka kabla ya saa kumi na moja namwogesha Bibi, mama yake Bi Shaikha, kabla hajaanza kuita. Bado anakuulizia. Kila asubuhi ananiambia, "Kijana wa gari yu wapi?" Namjibu umekwenda kwenu. "Akija mwambie nna safari ya Sib," anasema, halafu anasahau mpaka kesho yake. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake anayekutaja bila kununa.

Ulipoondoka tarehe tatu Februari uliniaga kwa jicho tu pale mlangoni, na mimi nikajifanya nina kazi jikoni. Miezi miwili sasa sijakuandikia hata mstari. Mwanzoni nilikuwa na aibu ndogo, sikujua barua niianze vipi. Baadaye nikawa na aibu kubwa, nikajua kabisa niianze vipi, na ndipo nikashindwa zaidi. Nakuandikia juu ya yale maji ya garini. Nimegundua yalikotoka. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, au kasirika katikati ukitaka, lakini umalizie.

Kwanza nikueleze hali. Bwana Thabit hajaleta dereva mwingine. Anasema anatafuta, na kutafuta kwake unakujua. Bi Shaikha anaendesha mwenyewe lile gari lake akienda kwa dada yake Azaiba au kumpeleka Bibi hospitali. Mimi natoka siku za hospitali tu, nimekaa nyuma nimemshikilia Bibi asiegemee mlango. Kwa miguu huku pa kwenda hapapo: geti, barabara, ukuta wa jirani, barabara tena. Kanisani Ghala sijafika Ijumaa ya tisa hii. Wewe ulikuwa unanishusha pale saa tatu na kunichukua saa sita, na nilikuwa naona ni jambo la kawaida tu, wala sikuwahi kukushukuru vizuri. Siku hizi Ijumaa nafungua dirisha la chumba changu, naona tanki la maji la jirani na kipande cha mlima wa mawe, nafunga. Pasipoti yangu iko kabatini kwa Bwana tangu siku niliyofika. Ulipokuwepo sikuifikiria sana. Sasa naifikiria hata nikikata vitunguu.

Ile siku ya mvua unaikumbuka kuliko mimi, lakini ngoja nikueleze nilivyoiona mimi, upate kujua nilikosea wapi. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari. Bwana alikuwa amenunua gari jipya, likapewa banda, na lile la Bi Shaikha ukaambiwa uliegeshe nje ya ukuta. Ulikuwa umetoka kumrudisha Bibi hospitali. Baada ya chakula cha mchana mvua ikashuka, ile mvua ya huku inayosahau mwaka mzima halafu inanyesha yote kwa saa mbili. Kesho yake asubuhi Bi Shaikha alifungua mlango wa gari, akatia mguu, kiatu kikazama. Mazulia ya mbele yalikuwa yanaelea. Kile kidirisha cha paa, ambacho ulikuwa ukimfungulia Bibi aone anga, kilikuwa kimefungwa, na vioo vyote vimepandishwa. Bi Shaikha akasema maji hayapenyi kioo. Akasema ulikisahau wazi, ukaja alfajiri ukakifunga kimyakimya ili usionekane.

Uliapa kwa Mungu, ukaapa na kwa kaburi la baba yako. Bi Shaikha akanigeukia mimi, nimesimama na ndoo na tambara. "Na wewe Aika, jana ulikiona kimefungwa?"

Kaka, nilikiona. Nilipita pale nikipeleka taka, wingu limeshakusanyika, na kile kidirisha kilikuwa kimefungwa kabisa. Lakini niliuona pia uso wa Bi Shaikha, nikaifikiria likizo yangu ya Aprili, nikasema, "Sikuangalia, mama." Ukanitazama mara moja, ukashusha macho. Siku tano baadaye ulikuwa kwenye ndege. Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ni kubwa zaidi, na nalikaribia.

Ulipoondoka, fundi wa Ghala alikuja akayakausha mazulia, akainama chini ya dashibodi, akazibua kijibomba kinachotoa maji ya kiyoyozi, akasema kila kitu safi. Na kweli kwa mwezi mzima gari lilikuwa kavu. Bi Shaikha akapata uhakika wake: dereva kaondoka, maji yameondoka. Alilisema hilo kwenye simu, akalisema kwa dada yake, na kila alipolisema mbele ya wageni mimi nilikuwa nawapitishia kahawa na tende.

Ikaja Idi Kubwa. Bi Shaikha alitaka gari ling'ae kwa ajili ya kwenda kusalimia jamaa, na kwa kuwa wewe hupo, kazi ikawa yangu. Wewe ulikuwa na ndoo yako na kitambaa chako, unalifuta polepole kama unampaka mtoto mafuta. Mimi subira hiyo sina. Nilichukua mpira wa maji nikalimwagia kuanzia paa mpaka matairi. Bi Shaikha alipoingia jioni hakukaa hata dakika moja, akatoka amenyanyua abaya. Zulia la upande wa dereva lilikuwa chepechepe.

Nisamehe, lakini nilifurahi. Nikajiambia sasa wataelewa, Japhet yuko Machame na maji bado yapo. Bi Shaikha hakuona hivyo. "Ni maji yale yale ya Japhet," akasema. "Yalijificha chini, sasa yanapanda." Nikamuuliza yatapandaje na fundi aliyakausha yote. "Aika, leo nna wageni, usinitie wazimu." Nikaenda kuwapasha watu sambusa.

Wiki ileile ikafika barua ya mama mdogo. Ameniandikia kwamba ile kampuni ya kutembeza watalii hapo Moshi ilikuwa tayari kukuchukua, ila wanataka barua ya mwajiri wako wa huku, na kwamba ulimwandikia Bi Shaikha na hakukujibu. Na kwamba watu wanasema umerudishwa kwa uzembe. Miaka sita umeendesha Maskati, hata kioo cha pembeni hakijawahi kugusa ukuta! Na ni wewe uliyeniombea kazi katika nyumba hii. Niliisoma barua ile nimekaa juu ya ndoo kule uani, nikaapa kwamba nitayatafuta yale maji mpaka niyapate, hata kama ni kulifungua lile gari skrubu moja moja.

Ufundi sina, nilikuwa na vitu vya jikoni tu. Nilianza kwa kunyunyiza unga wa ngano kwenye kingo za milango, kwa ndani, ili maji yakipita yaache njia. Nikamwagia milango maji. Unga ukabaki mkavu, na abaya la Bi Shaikha likapata mstari mweupe nyuma ambao sikuutolea maelezo. Kisha nikamwomba Lujain, binti yao, aliwashe gari na kiyoyozi nusu saa. Maji ya kiyoyozi yakadondoka chini, nje ya gari, yanapotakiwa kudondoka. Nikatandaza magazeti sakafuni mbele na nyuma nione lipi litalowa kwanza. Yalilowa ya mbele, kulia na kushoto, karibu sawasawa. Hapo akili ilinichoka, maana nilikuwa natafuta tundu moja, na tundu moja haliwezi kuvuja pande mbili.

Mwisho nikamwomba Lujain ashike mpira wa maji, na mimi niingie ndani. Ilikuwa alasiri, Bi Shaikha amejilaza. Nilimwambia mtoto asiache kumwaga mpaka nigonge kioo. Nikajifungia, vioo vyote juu, nimejikunja chini ya usukani, tochi mkononi na kichwa karibu na breki. Gari lilikuwa juani tangu asubuhi. Maji yakapiga paa, vioo vyote vikawa vyeupe, sioni ukuta, simwoni Lujain, nasikia kishindo tu. Jasho likaniingia machoni na pumzi ikawa fupi. Nikashika kitasa. Halafu nikakumbuka kwamba nikifungua, maji ya nje yataingia na sitajua tena yapi ni yapi, nikakiachia. Nilikaa humo, Japhet, na nikalia, na sababu haikuwa joto. Niliona ndivyo ninavyoishi huku, nimefungiwa mahali ambapo kitasa kiko upande wangu, na naogopa kukigusa.

Tone likaniangukia gotini. Nikageuza tochi. Maji yalikuwa yanashuka ndani ya ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele, iliyovikwa plastiki, yanatokea juu kabisa kwenye kitambaa cha dari. Nikamulika nguzo ya pili, vilevile. Nikagonga kioo. Lujain akafungua mlango, akanitazama, akaangua kicheko, "Aika, wewe umeroa kuliko gari!"

Nikamwomba azungushe ufunguo, akifungue kile kidirisha cha paa. Nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Kukizunguka kidirisha pande zote kuna mfereji mwembamba wa bati. Maji yanayopenya kwenye mpira wa kioo yanakusanyika humo, na kila pembe ina tundu dogo la kuyapeleka chini mpaka nje ya gari. Ukiutazama unauelewa, huhitaji fundi. Matundu ya nyuma yalikuwa wazi. Ya mbele, yote mawili, yalikuwa yamezibwa, na maji yamejaa yanafurikia darini. Nikachokoa kwa kisu cha matunda. Kikatoka kipande cha sponji ya buluu, kimekatwa vizuri, kimeviringishwa na kushindiliwa kwa ustadi.

Sponji ile niliijua. Niliikata mimi.

Rudi nami mpaka Mei mwaka tisini na tisa, wiki yangu ya kwanza. Wewe ulikuwa umempeleka Bwana Nizwa kwa siku mbili kwa gari lake la zamani. Bi Shaikha akanipa ufunguo wa gari lake, akaniambia nilikoshe. Neno hilo kukosha sikulijua, kwetu mtu akikukosha amekufurahisha, nikaelewa aliponionyesha ndoo. Nikakifungua kidirisha cha paa nisugue kingo zake, mpira wa maji nimeulaza chini uani unatiririka. Yeye akatokea dirisha la ghorofani, akaita, "Aika! Ufunge mfereji huo, maji yanapotea!"

Nikatazama. Mbele ya pua yangu kulikuwa na mfereji, pembeni mwake tundu, na maji niliyomwagia paa yalikuwa kweli yanapotea humo, yanaguguma kwenda nisikokujua. Nikasema moyoni mama huyu ana macho makali, kuona kitundu kile kutoka ghorofani.

Na kufunga mfereji, kaka, ni nani wa Machame asiyekujua? Zamu yetu ya maji ya shambani ilipokwisha, baba alikuwa ananituma mimi na kuwaacha kaka zangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshindilia vigogo vya migomba na udongo vizuri, tone halipenyi kwetu wakati wa zamu ya jirani. Nikakata sponji ya vyombo, nikaviringisha, nikashindilia. Nikaitikia kwa sauti ya kujisifu, "Nimeshafunga, mama!" Kisha nikafunga na bomba kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kuosha. Yeye akaona maji yamekatika, akaridhika, akarudi ndani.

Baada ya mwezi nilijifunza kwamba mfereji kwa Wazanzibari, na Bi Shaikha amekulia Unguja, ni bomba la maji. Nilijifunza jikoni, siku alipolalamika kwamba mfereji unadondoka na mimi nikatoka nje kutafuta mtaro. Tulicheka mimi na wewe mpaka ukakaa chini. Lakini haikunijia hata siku moja kuunganisha mfereji wa jikoni na ule wa juu ya gari. Nilikuwa nimeshausahau. Na kwa kuwa wewe uliosha kwa kitambaa, na gari lililala bandani, halikupata maji ya kunifichua mpaka ile Jumapili.

Basi ndiyo hivyo. Maji yaliyokutoa Maskati ni yangu mimi. Nilikuzibia kwa mikono yangu, halafu ulipohitaji mtu mmoja tu wa kusema ameona, nikasema sikuangalia.

Ungetegemea nikimbie siku ileile nikaseme. Sikukimbia. Lujain aliponiuliza ni nini kile nikamwambia takataka, nikakitia mfukoni mwa aproni, na siku kumi na moja nilitembea nacho. Nitakwambia kwa nini, kwa sababu nimechoka kujitetea moyoni. Likizo yangu ilikuwa tarehe ishirini na mbili mwezi huu, na Violeth wangu anapata kipaimara tarehe ishirini na tisa. Nilimwacha ana miaka kumi na miwili. Sasa ana kumi na minne, na ananiandikia kwa maneno ya mtu mzima ambaye simjui. Bi Shaikha alikuwa ameshamwomba dada yake wa Azaiba msichana wake aje kumshika Bibi mwezi mzima. Kila kitu kilikuwa tayari. Nikajiambia: nenda kwanza, mwone mtoto, ukirudi utasema. Halafu nikafikiria kushuka kwenye gari pale Machame na kukukuta umesimama na watu wengine kunipokea, maana najua ungekuja. Nikashindwa kuimaliza picha hiyo.

Siku ya kumi na mbili nilimwambia Bi Shaikha. Alikuwa jikoni anakoroga mchuzi. Nikaweka sponji mezani, nikaeleza yote, bomba na mfereji na zamu ya maji ya kwetu. Alinisikiliza, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Wallahi Aika! Mfereji kwenu ni mtaro?" Na mimi nikacheka kwa woga. Kisha kicheko kikamwisha, akapunguza moto.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Kitupe hicho. Gari imeshapona. Baba Lujain asijue."

Nikamuuliza, na Japhet je? Akanijibu kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi ndo nlomwambia mume wangu amrejeshe Japhet kwao. Yeye hakutaka. Siku tatu nashindana naye, namwambia nna hakika. Leo nende nikamwambie nlikosa kwa ajili ya sponji? Wewe nenda kwenu ukamwone mwanao. Japhet kijana hodari, kazi ataipata." Akanipa kijiko nionje chumvi.

Si mtu mbaya, unamjua. Nilipougua tumbo mwaka jana alikaa kitandani kwangu akininywesha uji kwa mkono wake. Lakini pale jikoni nilielewa kwamba amenifungulia mlango, na kwamba nikipita mlango huo nitakuwa nimekuuza mara ya pili, safari hii nikiwa najua ninachofanya. Siku mbili chakula hakikupita.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Bwana Thabit alikuwa sebuleni na kahawa yake, Bi Shaikha yupo, Bibi yuko kwenye kiti chake. Nikaingia na sinia la matunda, nikaliweka chini, nikabaki nimesimama. Nikasema, "Bwana, Japhet alikifunga kidirisha. Nilikiona kimefungwa, nikasema uongo. Na maji ni mimi niliyeyazibia njia."

Hakuelewa, ikabidi nieleze mwanzo mpaka mwisho. Kwamba Bi Shaikha ameshajua sikusema, na sitasema. Bwana akaona mkewe hashangai, akamgeukia. "Ulikuwa na habari?" Bi Shaikha hakuinua macho kutoka kwenye chungwa alilokuwa anamenya. Bibi, ambaye sote tulidhani amelala, akasema, "Kijana wa gari hana makosa. Nishasema mimi."

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Bwana. Ameipiga chapa ofisini kwake na kuitia saini. Imetaja miaka yako sita, na imesema wazi kwamba lile kosa halikuwa lako. Ipeleke Moshi kabla hawajamchukua mtu mwingine. Amesema pia kwamba ukitaka kurudi Maskati umwandikie, atashughulikia viza mwenyewe. Na ameniagiza nikuombe radhi kwa niaba yake. Aliniita mara ya pili nikiwa nimeshafika mlangoni kuhakikisha nimelisikia neno hilo.

Mimi sijafukuzwa. Bi Shaikha hajanipigia kelele hata kidogo. Ananiambia kinachotakiwa, nami nafanya, na chakula chake siku hizi anapakua mwenyewe. Jumatatu alimpigia simu dada yake mbele yangu, akamwambia msichana asije, Aika hasafiri. Bwana alijaribu kuingilia, mkewe akamwambia kwamba wa kumshika mama yake mzazi atamchagua yeye mwenyewe. Nimepewa likizo baada ya Ramadhani, yaani mwisho wa Desemba. Pasipoti imebaki pale pale kabatini.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Nilisikia njaa, nikala wali wa jana nikiwa nimesimama, kisha nikalia mpaka Lujain akaja kugonga mlango. Nimekasirika pia, usidhani mimi ni malaika. Nimemkasirikia Bi Shaikha, nikamkasirikia na yeyote wa Unguja aliyeamua kuliita bomba mfereji. Lakini nikihesabu waliokosa, narudi kwangu.

Sasa nina ombi, na najua sina haki ya kuomba. Violeth hana baba wa kusimama naye, hilo unalijua, na miguu ya mama haifiki tena kanisani. Tarehe ishirini na tisa mchungaji atakapoita jina lake, mtu mzima wa kwao anatakiwa asimame nyuma yake na kumwekea mkono begani. Nakuomba uwe wewe.

Atakuuliza kwa nini sikuja. Usimwambie nimezuiwa na kazi, usinifichie. Mwambie yote, sponji na lile neno nililosema nikiwa na ndoo mkononi. Naona ni heri alisikie kwako wewe niliyekukosea, mkono wako ukiwa begani mwake, kuliko alisikie dukani. Akikuuliza kama umenisamehe, mjibu lililo kweli, hata kama litaniuma.

Na kama hujanisamehe, usinijibu barua hii. Nitaelewa, na sitamuuliza mama mdogo. Ila mtoto wangu asisimame peke yake.

Nisalimie mama mdogo, Obedi na mkewe na yule mwenye majina matatu, Simoni na wanawe, na dada Stefania ukimwona sokoni. Mama yangu mwambie dawa za presha namtumia kwa mtu anayesafiri wiki ijayo. Mungu akulinde barabarani huko utakakoendesha, akurudishie jina lako mbele ya watu, na kazi ya mikono yako isipungukiwe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata kama kwa sasa napenda peke yangu,

Aika